Mgeni Akaja

Jiko langu lilianza ubadhirifu siku ya Jumatatu, saa sita na nusu mchana, na mimi mwenyewe ndiye niliyelipongeza.

"Chakula tayari, Yusta," lilisema kwa ile sauti yake ya upole niliyoichagua mwenyewe na kuijutia mwenyewe. "Na cha mgeni kipo."

Nikageuka kutazama nyuma yangu. Nyumba ya mjane haina pa kumficha mgeni: kitanda, meza, kiti kimoja cha kukalia, na kingine cha kutupia nguo ambazo si chafu vya kutosha kufuliwa. Mgeni hakuwepo. Mezani palikuwa na sahani mbili za wali na maharage, kila moja na kipande chake cha samaki, zinafuka mvuke.

Sikushtuka. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwaka mpya, nikadhani ni zawadi ya ghala. Gaudensia, msimamizi wa ghala letu la chakula, ni mwanamke wa kupima chumvi kwa kijiko halafu akakikung'uta kijiko, kwa hiyo nilifurahi kwamba Mungu amemgusa. "Hongera, Gaudensia," nikasema peke yangu, "mwaka huu umeota moyo." Nikaliambia na jiko ahsante.

Nilikuwa na njaa ya kula zote mbili, nisidanganye. Lakini jiko lilikuwa limeshatamka: cha mgeni. Chakula kikishatajwa jina la mgeni, hukili. Mama yangu kule Namanyere angefufuka kuja kunizaba kofi. Nikabaki naitazama ile sahani ya pili kama mtu aliyeletewa barua ya jirani.

"Hodi!"

Sauti ilikuwa nyembamba, ya kitoto kabisa.

"Karibu, mwanangu," nikasema, nikafungua mlango.

Mwanangu alikuwa na miaka hamsini na minane na ilimbidi ainame ili asigonge kichwa. Alikuwa Ladislaus, jirani yangu wa mlango wa nne, msomaji wa mita kisimani. Hapa kwetu tunachimba heli, gesi isiyo na harufu, na ukiivuta pumzi moja mbili haikudhuru, ila mwanaume wa kilo tisini huongea kama kifaranga. Bila shaka asubuhi ile mita mojawapo ilikuwa imevuja.

"Samahani, Fundi," alisema kifaranga yule, kwa heshima zote. "Jiko langu limepika cha mgeni, na mgeni simwoni. Nimetoka kumtafuta."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Miaka sita tulikuwa tunapishana kwenye korido. Habari za zamu? Salama. Basi, imeisha hiyo. Sikujua hata kama ana meno ya mbele.

"Na langu limepika," nikamwambia.

"Aa! Sasa nani mgeni wa mwenzake?"

"Aliyebisha hodi ndiye mgeni. Ingia, Mzee Ladislaus, wali unapoa."

"Na changu kule?"

"Kitaliwa jioni. Kwani kina miguu?"

Akaingia. Nikaondoa nguo kwenye kile kiti cha pili.

*

Mji wetu unaitwa Kumi na Mbili, kwa sababu ulijengwa kando ya kisima cha kumi na mbili, na waliokuja hapa bonde la Rukwa walikuja kuchimba gesi, hawakuja kutafuta majina mazuri. Kuna milango mia nne na kumi na miwili kwenye korido moja ndefu yenye paa, nyumba zimezama nusu ardhini kukwepa joto. Mtu akitoka zamu huingia kwake, hufunga mlango, jiko humpikia, hula akitazama ukuta unaoongea. Kwa nini atoke? Mpaka Jumatatu ile hakuna aliyekuwa na jibu.

Siku ya kwanza wengi waliiweka sahani ya mgeni kwenye jokofu. Siku ya pili zikawa mbili. Siku ya tatu aibu iliwatoa watu nje, maana kutupa chakula ni dhambi, na kula cha mgeni ni uroho, na kati ya dhambi na uroho kuna mlango wa jirani. Adhuhuri ile nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia Kumi na Mbili. Korido ilikuwa inapiga kelele.

"Jamani, nani hajaalikwa?"

"Mimi nimeshakula kwa watatu, naomba mnihurumie!"

"Huyo msimchukue, ni mgeni wangu, nimemwona kwanza!"

Wiki ya pili ukatokea utaratibu, na sijui aliyeubuni. Nyumba ambayo haijapata mgeni inaweka kandambili moja nje ya mlango. Ukiiona, unaivaa, unaingia nayo. Vijana wa zamu ya alfajiri walikuwa wakipita kukagua kandambili na kuulizana nyumba ipi inapiga gumzo zuri. Viti viliisha ghalani. Fundi seremala alianza kutengeneza mabenchi kwa mbao za masanduku ya mitambo, yana maandishi ya ONYO kwenye makalio, na watu wakayagombea. Mwanamke mmoja wa Newala na mwanaume mmoja wa Ukerewe waligundua kwamba wamekuwa wakigongeana ukuta kwa kelele mwaka mzima, kumbe wote wawili walikuwa wanaimba kwaya ileile, sauti tofauti. Sasa waliimba pamoja na ukuta ukapata nafuu.

Mimi na Ladislaus tulikwenda kwa zamu: mchana kwangu, jioni kwake, kesho yake kinyume. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe sikuwa nalo, nikampa fagio. Akafagia huku akinisimulia jinsi alivyowahi kufungiwa na mbuzi ndani ya tenki la maji, na alipofika mahali ambapo mbuzi alianza kula suruali yake nikamnyang'anya fagio maana alikuwa anachafua zaidi ya anavyosafisha. Alikuwa na meno yote ya mbele, na alipocheka yalionekana yote.

Nilifurahi. Naliandika hili wazi kwa sababu baadaye watu walidhani nilikuwa natesa nafsi yangu muda wote. La. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, na saa tano na nusu nilikuwa najitazama kwenye kioo.

*

Siku ya kumi na tisa ilikuwa zamu yake kunikaribisha mchana. Nilipoingia, sahani zilikuwa mezani tayari, na Ladislaus alikuwa amesimama mbele ya jiko lake, mikono kiunoni.

"Fundi, hebu niambie. Hili jiko limejuaje kwamba unakuja?"

"Limesikia hodi yangu."

"Hodi umepiga sasa hivi. Wali unaiva kwa nusu saa. Nusu saa iliyopita nilikuwa hapa peke yangu navaa shati, likaniambia, mgeni amekuja. Nikatazama mlangoni, hamna mtu. Nikasema labda linaona mbele, kama waganga."

Alikuwa anatania. Mimi nilianza kucheka naye, halafu nikaligeukia jiko.

Majiko yote ya Kumi na Mbili yanafuata kitabu kimoja, Kanuni za Jiko, na kitabu hicho kina mwandishi mmoja. Ndiye mimi. Na kwenye kitabu changu jiko haliambii mtu kwamba mgeni amekuja. Likisikia hodi, linamuuliza mwenye nyumba: je, mgeni amekuja? Akijibu ndiyo, linapika. Akijibu hapana, linanyamaza. Siku kumi na tisa lilikuwa halijaniuliza, na mimi, mwandishi wake, nilikuwa nimekaa nakula samaki.

"Una nini?" Ladislaus akauliza. "Mbona umekunja uso?"

"Nimesahau kitu ofisini."

"Na chakula?"

"Nakuja."

Sikurudi.

*

Mashine zetu tunaziandikia kwa lugha ya programu inayoitwa Sarufi. Ni Kiswahili, ila kilichokazwa skrubu. Kila kiambishi kina kazi yake. Ukiandika *pampu ilizima*, mashine inatafuta kwenye kumbukumbu. *Itazima* inaingia kwenye ratiba. *Huzima* ni kazi ya kujirudia mpaka uikataze. Juu ya yote kuna mhakiki, programu inayokagua kila sentensi kabla haijapelekwa majikoni, na mhakiki wetu ni mkali kuliko mwalimu wa darasa la tatu. Andika *sahani wake* badala ya *sahani yake* uone. Atakurudishia kitabu kizima na maneno ya dharau.

Lakini mhakiki anakamata sentensi mbovu tu. Sentensi sahihi inayosema jambo jingine anaipitisha huku anapunga mkono.

Niliufungua mstari wa mia mbili na sita. Mwaka mzima ulikuwa umesomeka hivi:

*Mgeni akija, ipikwe sahani yake.*

Sasa ulisomeka hivi:

*Mgeni akaja, ipikwe sahani yake.*

Herufi moja. *Ki* huuliza: mashine inasimama, inatazama kama jambo limetokea, na kama halijatokea inapita kimya. *Ka* haiulizi. *Ka* inasimulia. Ukiiambia mashine *mgeni akaja*, haitazami mlangoni. Inaandika kwenye daftari lake kwamba mgeni amekuja, inaamini, inasonga mbele kupika. Kila mchana, kwenye milango mia nne na kumi na miwili, mgeni alikuwa amekuja kwa sababu mimi nilisema alikuja.

Na nilikumbuka nilivyosema. Jumatatu ile asubuhi nilikuwa naondoa pilau ya sikukuu kwenye Kanuni na kurudisha wali wa kawaida, na Atupele, mjukuu wangu wa miaka mitano kwa binti yangu Prisca, alikuwa kwenye simu kutoka Mbeya, anataka hadithi au analia. Nikamsimulia huku naandika. *Basi usiku ule mgeni akaja, akabisha hodi, akakaribishwa, kumbe ni fisi amevaa kanzu.* Mdomo ulikuwa kwenye hadithi na vidole vikaufuata. Kompyuta ikapokea hadithi, mhakiki akaona Kiswahili safi, akasema endelea, Fundi.

Nilicheka peke yangu ofisini, kicheko cha mtu aliyekanyaga tope kwa viatu vipya. Kisha nikafungua hesabu ya ghala na kicheko kikaisha.

Ghala lilipangwa litufikishe mwisho wa Aprili, barabara ya ukingo wa bonde ikauke, malori yashuke. Kwa ulaji ule tungelamba chungu katikati ya Machi. Ndege nazo hazitui huku masika. Waulizeni waliojaribu, kama mtawapata.

Kidole changu kilikuwa juu ya herufi. Ningeweza kuirudisha ile *i* na hakuna ambaye angejua. Kesho majiko yangepika kama zamani, watu wangesema zawadi imeisha, wangevuta midomo wiki moja. Lakini kile kilichokwisha kuliwa kilikuwa kimeliwa. Ili tufike Aprili, kila mtu angepaswa kupunguziwa kijiko kila siku mpaka malori yaje, na nisingeweza kuwapunguzia watu chakula huku nimewaficha sababu. Hata mimi nina mipaka.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo halikuwa la mji, lilikuwa langu. Kama ningesema ukweli, Ladislaus angejua kwamba mgeni aliyetoka kumtafuta siku ile hakuwepo. Kwamba furaha yake yote ya siku kumi na tisa ilitoka kwenye kidole changu kilichoteleza. Jiko likiacha kutangaza mgeni, angenijia kwa sababu gani tena? Mtu wa mlango wa nne. Habari za zamu. Salama.

Sikuigusa herufi. Nikaenda ghalani kwanza.

*

Gaudensia alikuwa juu ya ngazi, anahesabu mifuko ya unga. Nilipomaliza kueleza hakushuka. Aliendelea kuhesabu hadi nikadhani hajasikia.

"Dada Gaudensia?"

"Nimesikia, Mama Prisca. Mimi ghala naliona linashuka tangu siku ya nne."

"Siku ya nne! Na hukusema?"

"Nilidhani uongozi umekuagiza wewe."

"Mimi nilidhani ni zawadi yako!"

Hapo alishuka, ngazi moja baada ya nyingine, akaketi kwenye gunia. Sijawahi kumwona Gaudensia ameketi kwenye chakula.

"Nimekudanganya. Siku ileile ya nne nilijua si agizo," alisema. "Agizo lina karatasi. Nilikuwa nakuja kukuuliza. Nikafungua mlango, nikamkuta Eliada amesimama, sahani mkononi. Unamjua Eliada?"

Nani asiyemjua. Ni dada yake, tumbo moja, anakaa mlango wa thelathini, na walikuwa hawajasemeshana miaka minne kwa sababu ya kitanda cha marehemu mama yao.

"Akaniambia, jiko limesema nina mgeni, na mimi sina mgeni mwingine duniani. Nikamwambia pita." Akafuta uso kwa kitambaa cha kufungia magunia. "Kwa hiyo kila siku najiambia kesho nitauliza. Kesho nitauliza. Mimi, Gaudensia, niliyemnyima padri kilo ya sukari!"

Nilimshika mkono. Tukakaa pale magunia yakitutazama.

"Rekebisha kimyakimya," akasema hatimaye. "Nitasema ghala limepata panya."

"Panya wa kula sahani elfu saba?"

"Basi tungoje Jumapili. Jumapili Eliada anakuja na watoto."

"Tukingoja Jumapili, tutangoja na nyingine. Na mwezi wa tatu hao watoto wa Eliada watakula nini?"

Alijua, mimi nilijua, na hilo ndilo lililokuwa gumu: kosa lililoleta heri halina mtu anayeharakisha kulifuta. Nikamwambia nitasema mbele ya watu wote, na nitasema mimi, maana herufi ni yangu.

"Na mimi nitasimama," Gaudensia akasema. "Nilinyamaza siku kumi na tano. Hiyo haina herufi ya kusingizia."

*

Bwalo la zamu lilijaa saa kumi jioni siku ileile, watu wamekaa kwenye yale mabenchi ya ONYO. Nilisimama na kipaza sauti, nikawaandikia ukutani mistari miwili, wa zamani na wa sasa. Wa kwanza kuelewa alikuwa mwalimu wa shule yetu ndogo, akapiga ukelele.

"*Ki* na *ka*! Nilimpa mwanafunzi sifuri juzi kwa hilo!"

Bwalo likaangua kicheko. Nikasubiri kipungue, nikaendelea. Niliwaambia kuhusu Atupele na fisi wa kanzu. Niliwaambia kuhusu Machi. Niliwaambia kwamba nikirekebisha, bado kila sahani itapungua mpaka Aprili, na kwamba sitapunguza kijiko cha mtu bila yeye kukubali. Gaudensia akasimama akasema yake, kwa ufupi, macho chini, na Eliada akaja akasimama kando yake.

Walibishana, na jinsi walivyobishana! Mmoja alisema mstari ubaki, tufunge mikanda baadaye. Mwenzake akamwambia mkanda wako wewe umeshafika tundu la mwisho, utafunga nini? Mama mmoja mzee, mke wa mchimbaji, aliniuliza swali lililonichoma kuliko matusi yote.

"Mwanangu Fundi, kwa hiyo tulikuwa hatuna wageni?"

"Wageni mlikuwa nao, mama. Waliingia kwa miguu yao. Jiko ndilo lililowatangaza kabla hawajaja."

"Aa," akasema, akafikiri. "Basi mashine ilidanganya, sisi tukaifanya isiwe mwongo."

Wakanyoosha mikono. Turudishe *ki*, tupunguze kijiko. Hata yule wa mkanda alinyoosha, huku akinung'unika. Kisha wakaanza kunipigia makofi, jambo ambalo sikulielewa na silielewi hadi leo, nikatazama nyuma kabisa ya bwalo nilikokuwa nimemwona Ladislaus amesimama tangu mwanzo, mrefu kuliko wote.

Hakuwepo. Nilipofika kwenye neno *akaja* alikuwa ameegemea nguzo, hacheki. Sasa nguzo ilikuwa peke yake, na makofi yale yote yalinipita masikioni.

Nikarudi ofisini nikabadilisha herufi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mhakiki akaipitisha bila neno.

*

Kesho yake sikwenda kujitazama kwenye kioo. Saa sita kasoro robo nilikaa kwenye kiti changu kimoja, kile cha pili nimekitundikia kanga, nikawa nasikiliza korido. Niliogopa ukimya. Nilitegemea milango mia nne kufungwa kwa pamoja.

Kwanza palikuwa kimya kweli. Halafu mlango mmoja ukafunguka mbali, na sauti ya mwanaume ikasema kwa haya, "Hodi. Jiko halijaniambia kitu. Nimekuja tu." Na sauti ya mwanamke, "Basi kaa, tutagawana." Ukafunguka mwingine. Na mwingine. Nikaanza kutabasamu, nikiwa peke yangu, na machozi yakanitoka kwa furaha na kwa wivu, vyote kwa mpigo. Wao walikuwa wamepona. Mimi fundi wao nilikuwa nimekaa na kanga kwenye kiti.

"Hodi."

Safari hii sauti ilikuwa nzito, ya kiume, haina gesi.

Nilifungua. Ladislaus alikuwa amevaa lile shati, na mikono yake alikuwa ameining'iniza kama vitu vya kuazima.

"Uliondoka bwaloni," nikamwambia. Sikutaka kuanza hivyo, ila ulimi wangu nao huteleza.

"Niliondoka. Nilikuwa na hasira."

"Una haki. Nilikudanganya siku kumi na nane bila kujua, na ya kumi na tisa nikijua."

"Hasira si juu yako, Fundi. Juu yangu." Akakohoa. "Nimepita mlango huu miaka sita. Kila siku nasema leo nitabisha. Nikifika mlango wa tatu nageuka, najifanya nimesahau mita. Siku ile jiko liliposema mgeni amekuja nilipata kisingizio, nikakimbia nacho kabla hakijapoa. Jana nikasikia kwamba kisingizio chenyewe kilikuwa kosa la herufi. Nikajiuliza, mzee mzima, bila mashine kukosea ungezeeka unapita?" Akafungua viganja. "Leo nimekuja mikono mitupu. Sina sahani, sina mgeni ninayemtafuta. Nakutafuta wewe, Yusta."

Hakuwahi kuniita jina langu. Nilitaka kusema kitu cha maana, lakini jiko likaniwahi, kwa ile sauti yake ya upole.

"Yusta, nimesikia hodi. Je, mgeni amekuja?"

Ladislaus alifurahi kuona limeuliza. Akainama kuelekea jikoni, akafungua mdomo amjibie mwenye nyumba.

"Hapana," nikasema mimi.

Uso wake ulishuka wote. Ningemhurumia, lakini nilikuwa nimeshaanza na ilinibidi nimalize.

"Hapana," nikarudia. "Huyu si mgeni."

Jiko liliwaza. Kanuni nimeiandika mimi na najua halikuwa na mahali pa kuliweka jibu lile.

"Samahani, Yusta. Amekuja, au hajakuja?"

"Amekuja."

"Na mgeni?"

"Hamna mgeni."

"Sawa," likasema. "Sahani moja."

Ladislaus alisimama pale mlangoni, na nikaona jibu langu lilivyomfikia, polepole, kutoka macho hadi meno yote ya mbele. Akaingia bila kukaribishwa, akaitoa kanga kwenye kiti, akaikunja vibaya, akaketi. Sahani ilipokuja ilikuwa imepungua kijiko, kama tulivyokubaliana bwaloni. Tukaila wawili, kila mtu akimsukumia mwenzake kipande cha samaki, na tulipomaliza tulikuwa na njaa kuliko tulipoanza, tunacheka.